Deni la Watano, Mlipaji Mmoja

Wanawake watano wa Lupembe wakikopa halmashauri shilingi milioni 5 za miche ya parachichi na mbolea, wakagawana milioni moja moja, ni rahisi kila mmoja kuamini anadaiwa milioni yake tu. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mdai kumbana yeyote kati ya walioahidi kwa pamoja alipe deni lote, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Na anayebanwa ni yule anayepatikana: mwenye shamba la chai kando ya barabara, ambaye hakuhamia Makambako.

Siipingi kanuni hiyo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) hukopeshwa bila riba kwa watu wasio na hati ya kupeleka benki. Dhamana yao ni wenzao. Mikopo hiyo iliposimamishwa Aprili 2023 hadi ikarejeshwa mwaka 2024, walioumia ni pamoja na vikundi vilivyokuwa vikisubiri zamu.

Ninachodai ni nusu ya pili ya sheria hiyohiyo isemwe siku ya kusaini. Mama aliyelipa milioni 5 zote ana haki ya kuwadai wenzake wanne milioni moja kila mmoja. Mmoja akishindwa kabisa, milioni yake inagawanywa sawa kwa wanne waliobaki, 250,000 kila mtu, mlipaji akiwemo. Hata mdai akimsamehe mmoja wao, huyo hajaponyoka mikononi mwa wenzake.

Lakini haki hiyo inahitaji ushahidi, na hapo ndipo mama huyu anapokwama. Akienda Mahakama ya Mwanzo na slipu ya benki yenye jina la kikundi, atathibitishaje kwamba fedha zilitoka mfukoni mwake, kwa kuuza ng'ombe wake? Na kama katibu alichukua milioni 2 badala ya moja, bila maandishi sheria inaanza na mgawo sawa.

Kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii asipokee mkataba wowote usioambatana na muhtasari unaoonyesha kila mwanachama amechukua kiasi gani, kwa saini au dole gumba. Kila rejesho nalo liandikwe jina la aliyelitoa, na nakala abaki nayo yeye mwenyewe, si mwenyekiti.