Mswisi wa Bamburi na Mkulima wa Kiritiri

Ndugu msomaji, ukitaja Kiritiri hapa Mombasa wengi watakuuliza: ni wapi huko? Lakini ukitaja muguka, hapana baraza isiyoujua, wala hapana mzazi asiyeguna. Basi Kiritiri ni huko huko utokako. Ni mji mdogo wa Mbeere Kusini, katika kaunti ya Embu, nchi ya jua kali na mvua haba. Mto Tana wapita upande ule, umezibwa kwa mabwawa ya umeme, kisha maji yake huteremka mpaka kwetu Kipini.

Mwezi wa Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Wakulima wa Mbeere walilalama kwamba karo za watoto wao hutoka katika majani hayo. Sisi tukalalama kwamba majani hayo hayo ndiyo yanayotuharibia wetu. Wazazi wakasimama juu ya wazazi wenzao, kila mmoja akimlilia mwanawe.

Katika mzozo huo nilimkumbuka mkulima mmoja wa Kiswisi, ambaye kazi yake sisi watu wa pwani tumeiona kwa macho yetu. Jina lake René Haller. Alizaliwa Uswisi mwaka 1933, akasomea kilimo cha bustani, na mwaka 1956 akaja Tanganyika kusimamia shamba la kahawa karibu na Kilimanjaro. Mwaka 1959 akaingia kampuni ya saruji ya Bamburi, kazi yake kuwalimia wafanyakazi chakula.

Wenye umri wangu tunayakumbuka machimbo yale: mawe meupe yaliyokwanguliwa, jua likiwaka juu yake, maji ya chumvi chini yake, hata nyasi haioti. Mwaka 1971 Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikapona tatu tu, na mmoja katika hiyo ni mvinje. Mivinje ikakua, lakini majani yake yakaanguka yakakaa chini bila ya kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo akaleta majongoo. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huyu bwana hakumtupa jongoo, alimwokota, na jongoo akayala majani yale akayageuza mbolea. Baada yake wakaja samaki, ndege na paa. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ukamtunukia heshima ya mazingira, na leo pahala pale paitwa Haller Park, watoto wa shule wakipelekwa kutazama viboko na makobe.

Sasa, nisije nikaonekana namhubiria mtu wa Kiritiri. Haller alikuwa na kampuni nyuma yake. Miti ilipokufa, mshahara wake haukufa. Mkulima wa Mbeere mti ukimfia, jioni chungu hakiinjikwi. Muguka wastahimili ukame, wachumwa mara kwa mara, na pesa yake ni ya papo kwa hapo. Mwenye njaa hana miiko, na mwenye watoto ana njaa zaidi ya moja.

Lakini nchi ile si ya muguka peke yake. Yaota pojo, kunde na mtama; mbuzi wanakaa vizuri, na nyuki pia. Tena kuna mti wao wa asili, mukau, wenye mbao ngumu zisizoliwa na mchwa, unaostahimili ukame. Ubaya wake ni kwamba wataka miaka zaidi ya kumi. Nani atamlisha mkulima miaka hiyo kumi?

Hapo ndipo lilipo neno langu. Tumepiga marufuku, na kupiga marufuku ni kazi ya siku moja. Kufufua machimbo ya Bamburi ilikuwa kazi ya miaka, na ilihitaji mtu wa kuvumilia na mtu wa kumlipa avumilie. Sisi pwani twala pojo kwa nazi kila juma, twanunua asali, twapika mbuzi harusini, na mafundi wetu walia uhaba wa mbao nzuri. Wafanya biashara wetu na serikali zetu za kaunti wangekwenda Kiritiri na mkataba mkononi wa kununua vitu hivyo kwa bei ya haki, wangesikilizwa kuliko polisi wa kizuizini.

Dini yetu yatufundisha kuwa apandaye mti, akala ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Haller alipanda juu ya mawe tukapata kivuli. Mkulima wa Kiritiri naye ni baba wa watu, angependa kuwaachia wanawe mti wa kujivunia. Tumsaidie kuupanda, kwani wanawe na wanetu ndio watakaokaa chini yake.