Maneno kwanza, mandhari baadaye

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo nasema kitu ambacho baadhi ya mafundi wa tovuti hawatakipenda: duka dogo halina haja ya kulipia mandhari ili liwe na kurasa za maelezo. Za bure zipo na zinatosha kabisa.

Kila siku tunajibu yaleyale WhatsApp: saizi zipo zipi, mzigo wa mkoani unafikaje, nikirudisha inakuwaje. Ukiweka status, saa 24 imepotea. Halafu mteja anakuja juu, "Hukuniambia!", na wewe huna pa kumwonyesha. Hapo unarudisha hela ambayo haikustahili kurudi, au jina lako linachafuka. Ukurasa wa maelezo haupotei. Unamtumia linki kabla hajalipa, kila mtu anajua masharti.

Mimi natumia MkDocs, programu ya bure ambayo watengeneza programu wanaitumia kuandika maelekezo ya kazi zao. Ukishakuwa na Python kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri ufanye hivi:

1. Andika pip install mkdocs-material. Inakuja MkDocs pamoja na mandhari ya Material.

2. Andika mkdocs new duka, kisha cd duka. Utakuta faili la mkdocs.yml na folda ya docs, ambamo ndimo unaandika maelezo yako.

3. Kwenye mkdocs.yml ongeza:

theme:
  name: material
  font: false

Zile nafasi za mwanzo wa mstari usitumie Tab, itagoma. Hiyo font: false inazuia tovuti kuvuta herufi kutoka Google. Simu ya mteja inatumia herufi zake, bando lake linapona kidogo.

4. Andika mkdocs serve, fungua 127.0.0.1:8000 kwenye kivinjari, uone kazi yako.

5. Ukiridhika, mkdocs build. Inatoka folda ya site, hiyo ndiyo unaipandisha kwenye seva unayolipia. Haihitaji hata database.

Utasikia watu wanasema weka GitHub Pages, ni bure. Soma masharti yao kwanza: hawaruhusu kuitumia kuendeshea biashara ya mtandaoni.

Kuna watakaosema mandhari ya kulipia inaleta imani. Sikatai, macho nayo yananunua. Lakini mteja aliyetuma hela kwa mtu asiyemjua haulizi rangi ya tovuti, anauliza mzigo wake uko wapi. Kama jibu halijaandikwa, mandhari ya bei yoyote haitamjibu.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kugusa rangi, pitia chati zako, toa maswali matano yanayojirudia sana, uyajibu kwa Kiswahili cha kawaida. Hizo ndizo kurasa zako tano za kwanza.