Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Apone

Katika miji mikubwa ya dunia imeenea desturi ya hoteli za kifahari kumwita mpishi mwenye jina kubwa, kumpa jiko na ukumbi, kisha kulitundika jina lake mlangoni ili matajiri waje kwa wingi. Mwaka 1890 Mfaransa Auguste Escoffier alikabidhiwa jiko la hoteli ya Savoy mjini London, na sifa yake ikavuka mipaka ya Ulaya. Mwaka 2001 Gordon Ramsay wa Uingereza alifungua mikahawa katika hoteli ya Claridge's ya London na katika hoteli ya Hilton huko Dubai. Mwaka 2008 Mjapani Nobu Matsuhisa naye akafungua wake katika hoteli ya Atlantis, huko huko Dubai.

Dubai si mbali nasi. Wafanyabiashara wetu huenda na kurudi kama waendao sokoni, na mitindo ya huko hufika kwetu pamoja na shehena zao. Yafaa basi tujiulize mapema: mgeni wa namna hii akibisha hodi katika hoteli zetu kubwa, tutampokea kwa masharti gani? Jibu la swali hili sitalitafuta Dubai wala London. Nitalitafuta Tabora, katika njia ya kale ya misafara.

Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliipita na mizigo mabegani. Watu hao walikula. Walikula mtama, karanga, asali na viazi vya wakulima wa pande hizi, na misafara ililipa kwa merikani, kaniki na shanga. Bila jembe la Mnyamwezi na chungu cha mpishi, hakuna mfanyabiashara wala mpelelezi wa kizungu ambaye angeliona Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, vitabu vimejaa majina ya waliolishwa, na ni nadra kutaja jina la aliyewalisha.

Mmoja alitajwa. Aliitwa Halima, mpishi wa David Livingstone. Henry Stanley alipofika Ujiji mwezi Novemba 1871, alimwona mama huyu akihangaika kwa furaha na wasiwasi, asije mgeni akakosa chakula cha heshima. Mwaka uliofuata, Livingstone akiwa Kwihara karibu na Tabora akingoja wapagazi, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Halima ni mwerevu, mwangalifu na mwaminifu. Akaandika pia kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru, na kumnunulia nyumba na bustani.

Ndugu msomaji, litazame jambo hilo kwa makini. Mpishi bora wa njia ile, aliyesifiwa kwa maandishi, hakuwa mtu huru. Sifa aliipata papo hapo, lakini uhuru, nyumba na bustani viliwekwa mbele, mwisho wa safari. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, kabla ya kuifikia Zanzibar.

Hilo ndilo funzo la kwanza la Tabora: sifa si malipo, na ahadi isiyo na mkataba humtegemea aliyeitoa, naye ni binadamu. Mpishi mashuhuri akija leo, hapana shaka atausifu mchele wa Nzega na Igunga, uyoga wa misitu ya miombo, na asali ya Sikonge. Pengine ataonja michembe na matobolwa ya bibi zetu, naye atastaajabu kwamba kiazi kilichokaushwa juani chaweza kuwa na utamu kiasi hicho. Atavipanga katika sahani nyeupe na kuvitoza bei ambayo bibi mwenyewe hajapata kuishika mkononi. Tutapiga makofi. Lakini mrina asali, aliyepanda mti usiku na moshi mkononi ili aufikie mzinga, atapata nini?

Escoffier alitengeneza kitindamlo cha matunda ya pichi, akakipa jina la Nellie Melba, mwimbaji wa Australia. Mpishi jina lake lipo, na mwimbaji jina lake lipo hadi leo. Mkulima aliyeupanda mpichi hakumbukwi na yeyote. Huo ndio mwendo wa mambo pale ambapo mwenye shamba hakuweka sharti lolote.

Wapo watakaosema kwamba hoteli ya kifahari si mahali pa kabwela, na kwa hiyo haituhusu. Waachiwe matajiri na wapishi wao. Naheshimu hasira iliyomo katika maneno hayo, lakini siyakubali. Asali inayoliwa mle imetoka kwa kabwela, na vyombo vinaoshwa na mtoto wa kabwela. Tukisusa, hoteli haitafungwa. Itaendelea bila sisi, na kwa masharti ya wengine.

Wapo pia watakaosema kinyume: mgeni asiwekewe masharti, asije akaenda kwa jirani. Hao wamesahau nusu ya methali. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuja kwa mgeni kuna faida ikiwa tu mwenyeji anapona.

Hapa ndipo Tabora inapotupa funzo la pili. Mnamo Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana katika mji huo kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Uchaguzi ule haukuwa wa haki, na wajumbe wengi walitaka ususwe. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa amesoma na kufundisha katika mji huo huo, aliwashawishi kwamba waingie wakiwa wamejipanga, wapate kuugeuza utaratibu ule kutoka ndani. Wakaingia. TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Tunauita Uamuzi wa Busara. Busara yake ilikuwa kuingia kwa lengo. Kususa hakukuwa busara, wala kuingia kichwa kichwa.

Na sisi tuingie katika ukumbi wa mpishi mashuhuri kwa lengo. Napendekeza masharti matatu.

La kwanza, hoteli ifunge mkataba wa maandishi na vyama vya ushirika vya wakulima na wafuga nyuki, wenye kiasi, bei na siku ya malipo. Ni aibu kwa hoteli ya nchi yetu kuweka mezani asali ya ng'ambo, ilhali Tabora kuna misitu, kuna mizinga, na kuna chuo cha ufugaji nyuki. La pili, mpishi mgeni afundishe. Methali nyingine yasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mpishi ni kuwafundisha vijana wetu, wakiwemo wanaotoka Chuo cha Taifa cha Utalii, mpaka mmoja wao aweze kulishika jiko hilo kwa mshahara unaolingana na kazi. La tatu, majina. Orodha ya vyakula inayotaja jina la mpishi itaje pia kijiji ilikotoka asali na chama kilichoiuza.

Mimi si adui wa mpishi hodari. Upishi ni ufundi, na fundi astahili heshima na ujira wake. Ninachokikataa ni heshima inayoishia kwa mtu mmoja, na ujira unaosahau mikono mingine.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikauchukua mzigo kutoka mabegani mwa wapagazi. Desemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa kuijenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora. Njia ya kale inafunguliwa upya, na wageni watakuja, wakiwa na njaa kama wale wa kwanza. Tuwapikie vizuri, kama alivyopika Halima. Lakini safari hii nyumba na bustani visingojee mwisho wa safari; viandikwe katika mkataba kabla ya moto kuwashwa.