Barua ya Nafasi Si Barua ya Fedha

Jumapili iliyopita jioni, mzee mmoja jirani yangu alinijia nyumbani, bahasha mkononi. "Mwanangu," akasema, "wewe ni karani, nisomee barua hii ya kijana wetu. Ameitwa Uingereza. Kesho napokea arubuni ya shamba la chini, apate nauli."

Nikaisoma. Kijana amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa, yaani elimu ya jinsi mataifa yanavyopatana, yanavyofanya biashara, na kwa nini hupigana. Lakini habari ya fedha haikuwamo, ila ada anayotakiwa kulipa yeye. Mzee alidhani chuo kimemwita kijana kwa gharama yake chenyewe.

Wasomaji wapendwa, siidharau elimu hii. Idara yake ya kwanza iliundwa mwaka 1919 katika chuo cha Aberystwyth, huko Wales. David Davies na dada zake waliitolea fedha iwe ukumbusho wa wanafunzi waliouawa katika Vita Kuu ya Kwanza, ili watu wajifunze njia za amani. Vita vile vilitugusa hata sisi: jina la Kariokor, Nairobi, latokana na kikosi cha wapagazi, ambamo Waafrika maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi. Basi si ajabu kijana wa shamba akitaka kujua mambo ya mataifa.

Lakini jambo jema nalo lataka hesabu. Huko Uingereza masomo haya kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Mwanafunzi huanza Septemba, husikiliza mihadhara na kuandika insha, kisha majira ya joto huandika tasnifu. Mwaka ni mfupi, gharama si fupi. Mgeni hutozwa ada kubwa kuliko mwenyeji. Ataongeza nauli, chumba, chakula, kibali cha kuingia, na ada ya matibabu, ambayo mwezi Februari 2024 ilipandishwa kufika pauni 776 kwa mwaka. Tena, tangu Januari 2024, mwanafunzi mgeni anayeanza shahada ya namna hii ya kufundishwa darasani kwa kawaida haruhusiwi kufuatana na mke wala watoto. Mwenye jamaa na alijue hilo kabla ya kufunga sanduku.

Je, asiye na mali amefungiwa mlango? Hasha. Uko msaada wa masomo uitwao Chevening, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1983. Hulipa ada, nauli na posho. Maombi hufunguliwa mwezi wa Agosti. Mwombaji hutakiwa awe amefanya kazi muda usiopungua miaka miwili, na akiisha kusoma sharti arudi kwao akakae miaka miwili. Hapo karani na mwalimu wasione haya: miaka yao ya kazi ndiyo itakayowasemea.

Nilimweleza mzee hayo yote. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na akirudi na shahada hiyo, atapewa kazi?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamjibu, "Mzee, shahada humfumbua mtu macho, na huenda ikamfungulia mlango. Lakini hakuna chuo kinachoahidi ajira katika barua kama hii." Naye alijua kuliko mimi kwamba shamba la chini ndilo linalowalisha wadogo wanne wa kijana huyo.

Kesho yake mzee hakupokea arubuni. Kijana alikasirika, akaja kwangu akiniita adui wa maendeleo. Nikamkalisha, tukahesabu. Kazi yake ya ualimu itatimiza miaka miwili mwezi wa Julai, kabla maombi hayajafunguliwa. Tukaandika barua kukiomba chuo kimwekee nafasi yake hadi mwaka ujao, kwa maana vyuo vingine hukubali. Jibu halijafika, na huenda likawa la kukataa. Lakini shamba lingalipo.

Basi wazazi, mkiletewa barua ya chuo cha ng'ambo, ulizeni maneno matatu: Nani atalipa? Kijana atakula nini huko? Na akirudi mikono mitupu, sisi hapa tutakula nini? Mali bila daftari hupotea bila habari.