Mashine ya santuri: ya zamani ibaki nyumbani, mpya iwe ya mtaa

Tangu tuanze kupiga rumba ya zamani redioni, swali moja linarudi: ndugu aliye Ulaya anataka kututumia mashine mpya ya santuri, je, ile ya babu, ya Kijapani, nzito kama jiwe, tuiuze kwa fundi avunje spea? Jibu langu ni hapana. Lakini ile mpya pia tusiikatae. Kila moja ina kazi yake.

Kwanza tuelewane juu ya mashine yenyewe. Nyingi zina mota pembeni, nayo inavuta sahani kwa mkanda wa mpira. Aina ninayoizungumzia haina mkanda: mota iko chini ya sahani, katikati, na inaizungusha moja kwa moja. Kampuni ya Matsushita ya Japani, kwa jina la Technics, ilitoa ya kwanza kuuzwa mwaka 1970, ikiitwa SP-10. Mwaka 1972 ikaja SL-1200, na mwaka 1979 SL-1200MK2, ile ambayo madijei wa dunia nzima waliipenda. Mwaka 2010 kampuni ilisimamisha kuzitengeneza. Mwaka 2016 ikarudi, sababu watu walianza tena kununua santuri.

Kwa nini aina hii inatufaa sisi? Sababu mbili. Mkanda wa mpira unalegea na kukatika, na hapa kwetu kupata mwingine wa kipimo kilekile ni shida. Pili ni umeme. Mashine nyingi za zamani za mkanda zinapata mwendo wao kutoka kwenye umeme wenyewe, ule wa mapigo 50 kwa sekunde. Ukiwasha gurupu, na gurupu ikazidiwa, mapigo yanashuka na wimbo unalegea: sauti ya mwimbaji inakuwa nzito kama ya mgonjwa. MK2 na dada zake zina kioo cha kwatzi ndani kinachoshika mwendo. Gurupu ihangaike, santuri itazunguka sawasawa, mradi umeme usikatike kabisa. Na mashine hizi hazifiki wati 20, kwa hiyo hata betri ya paneli ya jua inaziweza. Mlaji mkubwa wa umeme ni amplifaya.

Sasa tulinganishe. Mashine ya zamani ina chuma kizuri, ni nzito, haitikisiki ovyo, na fundi anaweza kuifungua akaona kila kitu. Ubaya wake ni uzee: mafuta ya ekseli yamekauka, kondensa zimechoka, swichi zina vumbi. Hizo ni kazi za fundi mwenye subira. Jambo moja la kuangalia kabla ya kuchomeka: soma nyuma au chini ya mashine. Iliyouzwa ndani ya Japani inataka volti 100. Ukiichomeka kwenye 220 bila transfoma, umeiua siku hiyohiyo.

Mashine mpya nazo si mchezo. Technics za leo zina mota isiyo na chuma katikati, ili sahani izunguke bila mishtuko midogo. Lakini SL-1200MK7, iliyotoka mwaka 2019, bei yake ni kama dola 1.000 au zaidi. Kuna za bei ya chini, kama Audio-Technica AT-LP120XUSB, ya dola mia tatu au mia nne. Mtu akikaa sebuleni kusikiliza santuri safi, kati ya MK2 iliyotengenezwa vizuri na hiyo ya dola mia nne, mimi nitachukua MK2. Na hela iliyobaki ninunue sindano mpya, sababu sindano iliyochakaa inaharibu sauti, tena inakula santuri yenyewe. Kwa kusikiliza nyumbani, basi, ya babu inatosha.

Lakini mpya ina vitu viwili ambavyo ile ya babu haina. Cha kwanza ni mwendo wa 78. Wendo Kolosoy alipotoa « Marie-Louise » mwaka 1948 pamoja na Henri Bowane, kwenye lebo ya Ngoma, santuri za wakati ule zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika. MK2 inapiga 33 na 45 tu. Hiyo MK7 na hiyo Audio-Technica zinapiga 78, mradi uweke sindano pana ya kazi hiyo. Cha pili: Audio-Technica hiyo ina waya wa USB. Unaichomeka kwenye kompyuta, wimbo unaingia, kisha unaupeleka kwenye kadi ya simu.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Tunajua watu wanavyokimbia Ituri. Unabeba mtoto, sufuria, godoro ukibahatika. Hakuna anayekimbia na sanduku la santuri. Nyumba ikichomwa, mashine inaweza kununuliwa tena siku moja, Technics bado wanazitengeneza. Santuri aliyoinunua baba miaka ya sabini haitengenezwi tena. Zile za 78 zinavunjika kama sahani ya udongo, na zile nyingine zinapindika chini ya mabati ya moto. Desemba 2021 UNESCO iliweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ni heshima, lakini cheti cha UNESCO hakizuii santuri kuungua Djugu au Irumu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Ya zamani ibaki nyumbani, itengenezwe, isivunjwe spea. Mpya isiwe ya nyumba moja. Watu wachange na ndugu zao wa nje, iwekwe parokiani, shuleni au redioni, mahali penye umeme na mtu wa kuichunga. Mwenye santuri azilete, zisafishwe, zinakiliwe, na arudi nazo. Aliye kambini aliyepoteza zote aje na kadi yake, achukue nyimbo zilizochezwa kwenye ndoa ya wazazi wake. Kadi inakaa kwenye mfuko wa shati, na mtu anakimbia nayo.

Wengine watasema watu wana njaa, wewe unaongea santuri. Ni kweli, unga kwanza. Lakini wazee kambini hawaombi unga tu, wanaomba pia kusikia tena kitu chao. Na kazi hii haichukui hela ya unga: mashine moja kwa mtaa mzima inatosha.

Wakati tunangojea, fanyeni hili leo: santuri zisimamishwe wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, ziwekwe mbali na mabati na jua. Na mkimwita fundi, mwambieni mnataka izunguke, hamuuzi spea.