Mche Badala ya Saruji
Safu ya Ijumaa, na Mwinyi Haji Faki

Wangari Maathai, aliyeasisi Green Belt Movement mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliusia kwamba usikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake. Basi likasukwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, na tarehe 8 Oktoba 2011, baada ya kuagwa kwa heshima za taifa katika Uhuru Park, bustani aliyoitetea mwaka 1989 lisijengwe humo jumba la ghorofa 60, mwili wake ulichomwa Kariokor, na mabaki yakahifadhiwa Kabete katika taasisi yenye jina lake.

Ng'ambo nako fikira hii ya maziko yasiyodhuru mazingira imeshika. Huko Italia, Anna Citelli na Raoul Bretzel wamebuni chombo chenye umbo la yai, Capsula Mundi, kizikwacho chini ya mche; na katika jimbo la Washington, Marekani, sheria ya mwaka 2019 imeruhusu maiti kufukiwa katika chembe za mbao na majani makavu hadi igeuke udongo. Lakini anunuaye chungu cha majivu ya maiti ili apandie mche na ajue kwamba majivu ya tanuri yana chumvi na ukali wa chokaa, na mche uliopandwa ndani yake pasipo kuchanganywa na udongo mwingi hudhoofu. Kirutubishacho hasa ni mwili wenyewe, ulazwapo karibu na uso wa ardhi, penye hewa na vijidudu.

Sisi watu wa pwani twalirithi jambo hilo zamani, na naona uchungu tukilisahau. Maiti huoshwa, huvikwa sanda, huchukuliwa kwa jeneza ambalo baada ya maziko hurejea msikitini kumngojea mwingine, kisha hulazwa mwanandanini akielekezwa kibla, viunza vikaegemezwa, udongo ukarudishwa. Na mrehani ukapandwa kichwani, mtoto wa nyumba akatumwa na kata ya maji kuunywesha. Kilichoharibika ni kile kilicho juu, maana siku hizi, ardhi ikiwa bado mbichi, fundi huitwa kumwaga saruji na kubandika marumaru, na mrehani hauna tena pa kuotea.

Wako wanaohofu kwamba mizizi ya mti mkubwa itamfikia maiti na kumvunjia heshima, na hofu yao ni ya haki; kwa hiyo siombi mti juu ya kila kaburi, bali kandokando ya safu na penye kuta za maziara. Tena makaburi nayo huilinda miti: misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, imenusurika na shoka kwa kuwa, pamoja na mengine, wazee wamezikwa humo na kukata mti ni mwiko.

Basi fedha ya saruji na itolewe sadaka ya mche wa kwetu, mvule, mkwaju au mbambakofi, upandwe masika yaanzapo, na wasimamizi wa wakfu waandike daftarini jina la marehemu, aina ya mti, na jina la jamaa aliyechukua dhamana ya kuunywesha katika kaskazi mbili za mwanzo.