Mwacheni Dereva wa Subaru

Ugomvi wenyewe ulianza kwa mzaha. Baada ya kikao cha klabu, tukiwa tunasubiri chai ichemke, mmoja wetu alitangaza kwamba amenunua gari: Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001, rangi ya buluu, iliyoletwa Uingereza kutoka Japani. Hakumaliza maelezo. Wenzetu ambao kwao ni Nairobi walianza kuiga mngurumo kwa midomo. "Kwani siku hizi umekuwa muhuni?" "Majirani zako watakoma!" Mwingine, ambaye wazazi wake ni wa Dar es Salaam, akasema Subaru ni ndugu yake Altezza, gari la kijana asiye na chakula nyumbani lakini ana rimu mpya. Tulicheka sote. Mwenye gari naye alicheka, ingawa si sana.

Wiki iliyofuata alisimamishwa na polisi mara mbili. Leseni ilikuwepo, bima ilikuwepo, matairi yalikuwa mapya, na mwendo ulikuwa wa kawaida. Mara ya pili aliulizwa gari ni la nani, akajibu ni langu, akaulizwa tena. Alipotusimulia hakuna aliyecheka. Tulisema ni uonevu, kumhukumu mtu kwa sura yake na gari lake. Hapo ndipo yeye akatukumbusha kwamba sisi tulikuwa wa kwanza.

Sisi tunaoandika makala haya ni watatu. Mwenye gari ni mmoja wetu, hatusemi yupi.

Kila mahali tulikotoka pana orodha ya madereva. Nairobi dereva wa Subaru ni mtu wa fujo, wa Probox hajui breki, wa Mercedes ni mzee mwenye kesi ya shamba. Dar es Salaam Vitz ni ya akina dada. Hapa Uingereza wanasema mwenye BMW hajui indiketa ni kitu gani, na mwenye Honda Jazz ni bibi anayekwenda maili 30 kwa saa barabara yote. Orodha hizi zinachekesha kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kumwona mtu wa namna hiyo. Lakini nani huwakumbuka madereva wa BMW mia waliowasha indiketa siku hiyohiyo?

Tuanze na Probox. Toyota waliitoa mwaka 2002 iwe gari la kazi: nafasi kubwa nyuma, spea za bei nafuu, hakuna pambo. Kenya imekuwa gari la kubeba miraa, mayai, mboga na abiria. Miraa ikichelewa siku moja au mbili inapoteza thamani, kwa hiyo anayeibeba anakimbizana na saa. Haraka hiyo ni ya biashara. Mpe dereva yuleyule gari la aina nyingine na mzigo uleule, atakwenda vilevile. Tusisahau pia kwamba mwalimu anayekwenda na Probox shuleni kila asubuhi polepole hasimuliwi na mtu.

Subaru ina historia ndefu zaidi, na kwa maoni yetu ni ya kujivunia. Wazee wetu waliipenda kwa sababu ya Safari Rally. Mkenya Patrick Njiru aliendesha Subaru katika mashindano hayo miaka ya 1990, na watu waliokuwa wakisimama kando ya barabara za vumbi wanamkumbuka mpaka leo. Mwaka 1995 Colin McRae, Mskoti, akawa bingwa wa dunia wa rally akiwa na Impreza ya buluu. Kijana wa Nairobi na kijana wa Uskoti walibandika picha ileile ukutani. Halafu kuna jambo jepesi tu: Japani, Uingereza, Kenya na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo gari lililotoka Japani usukani wake uko mahali panapotakiwa. Gari likizeeka kule, ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken unakuwa ghali, mwenyewe analiuza mnadani, linapanda meli. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Uingereza inaruhusu hata la zamani, na likishapita miaka kumi njia ya kulisajili huwa nyepesi kidogo.

Matokeo yake ni kwamba anayeitwa "dereva wa Subaru" mara nyingi ni mtu wa tatu au wa nne kulimiliki gari hilo. Mwenye kulinunua jipya alikuwa na pesa na umri mkubwa. Bei ikishuka ndipo kijana anapoliweza, na kijana huyo ndiye anayebandikwa jina.

Hata ule mngurumo unaowaudhi majirani una sababu yake. Injini ya Subaru imelala, pistoni zinapiga kushoto na kulia kama mabondia, na katika modeli nyingi za zamani zenye turbo mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye injini hayana urefu sawa. Moshi unafika kwa zamu zisizolingana, ndiyo sauti ile. Impreza STI za baadaye za soko la Japani zilipowekewa mabomba yenye urefu sawa, sauti ikapotea. (Tunakiri kwamba wapo wanaokata ekzosi makusudi ili mtaa mzima ujue wamefika. Hao hatuwatetei.)

Sasa suala la kudumu. Kwenye klabu yetu mtu akisema "Subaru zinaua gasketi" au "Mazda yenye rotari inakula oili", basi mjadala umefungwa. Ni kweli kwamba baadhi ya injini za Subaru, hasa za lita 2.5, zilipata sifa mbaya ya gasketi ya hedi. Ni kweli pia kwamba RX-7 na RX-8 hutumia oili. Lakini injini ya rotari imetengenezwa ichome oili kidogo, maana oili hiyo ndiyo inayolainisha sili zake ndani. Mwenye gari anatakiwa kupima na kuongeza mara kwa mara. Asiyejua hilo anaendesha mpaka sili zinakufa, analiuza kwa hasira, kisha anakwenda kuwaambia watu gari ni bovu. Tukiamini hadithi yake, tumerithi uvivu wake.

Ukinunua gari la namna hii, ulizia makaratasi kwanza. Gari lililouzwa mnadani Japani huwa na karatasi ya ukaguzi yenye alama na mchoro wa mikwaruzo. Alama ya R ina maana liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Hapa Uingereza unaweza kuangalia bure kwenye tovuti ya serikali historia ya MOT ya gari lolote, ukijua namba yake tu. Kisha lala chini uangalie kutu. Magari ya Japani hayakupakwa kinga ya kutosha kwa chumvi inayomwagwa barabarani hapa wakati wa baridi, na kutu hula chasisi huku juu rangi inang'aa. Mwenzetu aliambiwa na muuzaji kwamba gari "halina shida yoyote", lakini hapakuwa na karatasi hata moja iliyoonyesha belti ya taimingi ilibadilishwa lini. Katika injini ile belti ikikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Alilipeleka gereji kwa gari la kuvuta, akabadilisha belti na shokomzoba mbili (neno tunalolipenda kuliko yote katika Kiswahili), ndipo akaliwasha. Huo ndio uhuni wake.

Watatuambia: hayo ni masihara, mnakuza mambo. Tunajua kwamba vijana wa kiume hupata ajali zaidi kuliko watu wazima. Hilo limehesabiwa, hatulipingi. Tatizo ni umbali kati ya kuhesabu na kukisia. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2011 kwamba kampuni za bima zisitumie jinsia kupanga bei, na kuanzia tarehe 21 Desemba 2012 ikawa hivyo. Mpaka wakati huo msichana alilipa kidogo na kaka yake alilipa sana kwa gari moja, hata kama kaka ndiye aliyekuwa mwangalifu. Umri, aina ya gari na mtaa unaoishi bado vinahesabiwa. Mwaka 2022 shirika la Citizens Advice lilitoa ripoti kwamba watu wanaoishi kwenye mitaa yenye watu wengi wasio Wazungu wanatozwa bima ya juu zaidi. Kampuni za bima zilijibu kwamba hazitumii rangi ya mtu katika hesabu zao. Sisi tunaishi katika mitaa hiyo. Tunajua bei tunazoletewa.

Ndiyo maana utani wa klabuni hautupendezi tena kama zamani. Tunapomwambia mwenzetu kwamba gari lake linamfanya muhuni, tunatumia hesabu ileile tunayoilalamikia. Hata shangazi yake alipiga simu kutoka Nakuru: "Mwanangu, nimesikia umenunua Subaru. Umeacha masomo?" Ilibidi amtumie picha ya matokeo ya mtihani.

Jumamosi iliyopita klabu ilihitaji kuchukua sufuria kubwa za pilau upande wa pili wa mji, na gari lililokuwa na nafasi ni lile la buluu. Yule aliyeiga mngurumo kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyekimbilia kiti cha mbele. Aliambiwa afunge mlango taratibu na ashikilie sufuria, na walikwenda maili 28 kwa saa njia nzima. Alilalamika kwamba wanakwenda kama bibi wa Honda Jazz.